Waandishi wa riwaya msiosoma riwaya, mnatuchosha

Ndugu wanajamvi, nimelivumilia jambo hili kwa muda mrefu na sasa limenifika kooni. Mimi husoma miswada ya riwaya na hadithi fupi kabla haijapelekwa kwa wachapishaji, mara nyingi bila malipo, kwa kuwa kazi yenyewe naipenda. Juma lililopita nilimpigia simu kijana mmoja ambaye muswada wake nilikuwa nimeumaliza usiku wa manane, nikamuuliza ni riwaya gani aliyoisoma mara ya mwisho. Akanijibu bila hata kusita: "Mzee wangu, mimi sisomi riwaya za watu. Naogopa zisije zikaniharibia sauti yangu."

Sauti gani, jamani? Muswada wenyewe unaanza kwa jua kuzama na upepo mwanana kuvuma. Ukurasa wa tatu mume anaingia bafuni kuoga, simu yake inaita kitandani, mke anaipokea na kukutana na sauti ya mwanamke mwingine. Katika miswada 11 niliyoisoma mwaka huu, simu hiyo imeita katika minne, na mara zote nne mume alikuwa bafuni. (Waume wa riwaya zetu ni wasafi kupita kiasi.) Waandishi hao hawajuani, wala hakuna aliyemwibia mwenzake. Kila mmoja amelichota tukio hilo katika tamthilia za televisheni na katika zile simulizi za WhatsApp zinazokatwa kwa "itaendelea", kisha akaamini kwamba limezaliwa kichwani mwake. Huyu anayeogopa kuiga ndiye anayeiga mchana kweupe, tena bila kumjua anayemwiga.

Mwingine aliniletea riwaya inayosimuliwa na marehemu, akaniomba nisimwonyeshe mtu yeyote kwa sababu ni mbinu ambayo haijapata kutumiwa duniani. Nilimweleza kwamba Mbrazili Machado de Assis alichapisha riwaya ya namna hiyo mwaka 1881, naye akanuna kana kwamba nimemtukana. Sikusema ni haramu kuirudia mbinu hiyo. Nilichotaka akione ni kwamba mtu aliyekwisha kufa akipewa kazi ya kusimulia, msomaji atauliza mapema anajua nini na anaficha nini, na kwa sababu gani. Marehemu wa kijana wetu anayaona yote yanayotendeka katika nyumba tatu kwa wakati mmoja, anasoma hata mawazo ya shemeji yake, lakini hamjui aliyemuua mpaka sura ya mwisho, na hakuna popote tunapoelezwa kwa nini. Shimo hilo angeliona mwenyewe kabla ya kufika ukurasa wa kumi, lau angekwisha kumwona mwandishi mwingine akilizunguka.

Kuna kundi linaloniudhi zaidi, nalo ni la wale wanaosema, "Sisi tulisoma sana tukiwa sekondari." Naam, mlisoma, lakini mlisomea mtihani. Mlifundishwa kuipekua riwaya mkitafuta dhamira, ujumbe, falsafa ya mwandishi na nafasi ya mwanamke, mkayaandika kwenye madaftari, mkafaulu, na kitabu mkakirudisha. Matokeo yake yanaonekana katika miswada yenu: wahusika hawazungumzi, wanahutubia, binti aliyetoka kufiwa na mama yake anasimama kando ya jeneza na kueleza madhara ya rushwa katika aya mbili kamili. Hamkusoma ili kuona jinsi mwandishi anavyomtoa mhusika chumbani bila kutuchosha, au jinsi ugomvi mzima unavyoweza kuandikwa bila hata "alisema kwa hasira" moja. Mambo hayo hayamo katika miongozo ya mtihani, na yeyote aliyeacha kusoma alipomaliza kidato cha sita hajawahi kuyatafuta.

Na hofu hii ya kupoteza sauti imetoka wapi? Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar hakuficha kitu: mpelelezi wake Bwana Msa, aliyetokea mwaka 1960 katika riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale, ana kiko mdomoni na rafiki wa kufuatana naye, na kila aliyepata kumsoma Sherlock Holmes, yule mpelelezi wa London wa hadithi za Kiingereza, anaujua ukoo wake. Hata hivyo, mwandishi huyo alimkalisha mpelelezi wake Unguja, katika mashamba na mizimu ya kwao, kwa Kiswahili ambacho hakuna mtu wa London angeweza kukiandika. Shaaban Robert naye alizileta kwetu rubai (mashairi ya mistari minne) za Mwajemi Omar Khayyam mwaka 1952, akizitoa katika Kiingereza, na mpaka leo sijamsikia mtu akisema kwamba zilimharibia sauti.

Najua nitajibiwa kwamba vitabu ni ghali. Hilo ni kweli na silibishii, ila Maktaba Kuu ya Taifa ipo palepale Barabara ya Bibi Titi Mohammed, Dar es Salaam, na mtu anayemudu bando la kutazama tamthilia kila usiku hawezi kuniambia kwamba riwaya moja kwa mwezi imemshinda. Wengine hunijibu kwamba wanasoma historia na magazeti kwa ajili ya utafiti. Hayo ni mema, lakini gazeti litakupa habari ya moto uliotokea sokoni; halitakufundisha pa kuikatia sura ili msomaji asiweze kulala.

Kwa hiyo, kuanzia sasa, anayetaka nimsomee muswada atanitajia kwanza riwaya tatu alizozisoma ndani ya mwaka huu, na katika kila moja atanieleza ukurasa mmoja uliomtia wivu. Asiyeweza asinitumie kitu.

Yule kijana wa juma lililopita nilimrudishia muswada wake pamoja na riwaya mbili kutoka kabatini kwangu. Muswada aliupokea haraka. Zile riwaya alisema atazipitia akipata nafasi, kisha akaniuliza kama namfahamu mtu yeyote anayeweza kununua nakala 50 za kitabu chake kitakapotoka.