Viatu vya manyoya vya Wasami: nyasi badala ya soksi?

Mdadisi: Wakuu, naomba ufafanuzi. Nasikia Wasami, wenyeji wafugaji wa reni (wanyama wa jamii ya kulungu) kule Finnmark, kaskazini mwa Norwei, walivaa viatu vya manyoya bila soksi, ndani wamejaza nyasi tu, na baridi inafika nyuzi 30 chini ya sifuri. Miguu haikuganda? Na mbona ncha ya kiatu imepinda juu?

Fundi Ngozi: Ni kweli, mkuu. Kwenye baridi kavu adui mkubwa wa mguu ni jasho. Soksi ikishalowa, kuikausha njiani ni kazi. Nyasi zinanyonya unyevu huku zikibaki na hewa katikati. Ila si nyasi zozote: ni za jamii ya Carex, zinaota kando ya mito na maziwa. Hukatwa kwa mundu mwishoni mwa kiangazi, zikapondwa mpaka zilainike, zikachanwa kwa kitana cha meno ya chuma, zikakaushwa na kusokotwa vibunda vya kuwekea akiba.

Wakati wa kuvaa unachukua konzi, unazitawanya, unazizungushia mguu mzima kama kiota, vidole na kisigino vifunikwe sawasawa. Zikirundikana mahali pamoja zinachubua. Jioni unazitoa zote, unazikung'uta na kuzianika juu ya moto hemani. Ukiziacha ndani ya kiatu zikiwa na unyevu, asubuhi unavaa barafu.

Tundra: Niongezee upande wa kiatu. Nuvttohat, yaani hivyo viatu vya manyoya, hushonwa kwa uzi wa kano na ngozi ya miguu ya reni, yenye manyoya mafupi, magumu. Kwenye soli vipande hupangwa manyoya yakielekea pande tofauti, kwa hiyo ukikanyaga theluji hutelezi mbele wala nyuma. Ile ncha ilikuwa ya kuzuia ukanda wa ski (mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji) usichomoke. Juu hufungwa kwa vuoddagat, mikanda ya kufumwa inayozungushwa kifundoni mara kadhaa ili theluji isiingie; rangi na nakshi zake hutofautiana eneo kwa eneo.

Mdadisi: Theluji ikianza kuyeyuka je?

Fundi Ngozi: Hapo nuvttohat hazifai kabisa, manyoya yakilowa kila siku yananyonyoka. Huvaliwa viatu vya ngozi isiyo na manyoya, iliyodabaghiwa kwa magome ya miti. Na kiatu chenyewe usikibanike motoni kama nyasi: ngozi inakakamaa, inajikunja, kisha inapasuka kwenye mshono. Kitundike mbali kidogo, kikauke polepole.