"Fungua, dumbukiza, kaza, kapige": acheni kula hela za watu kwa huu uongo wa vitako

Wakuu, nimechoka na ushauri huu. Mtu analeta bunduki yake ya Remington 700 SPS, anasema risasi zinatapakaa upana wa kiganja kwenye mita 100, na papo hapo kashajibiwa: tupa hicho kitako cha plastiki (ule mwili unaobeba mtutu na mitambo), nunua kingine. Hakuna aliyemuuliza skrubu zimekazwa kiasi gani wala kama vishikizo vya darubini vimelegea. Wauzaji nao wanadakia: skrubu mbili tu, kinaingia chenyewe. Bei ya kitako hicho wakati mwingine inapita nusu ya bei ya bunduki!

Plastiki ya kiwandani ina ubovu, sikatai, lakini ubovu wenyewe uko mbele, chini ya mtutu. Ndani pale ni mbavu nyembamba na uwazi mtupu. Shika ncha ya kitako pamoja na mtutu kwa mkono mmoja, bana, utaona nafasi inafungwa. Kiwandani waliacha vinundu viwili pale nchani, vinausukuma mtutu juu kwa makusudi. Halafu anatokea fundi wa YouTube anakwambia vikwangue kwa msasa ili mtutu uelee, yaani usiguse kitako. Haya, umevikwangua, noti iliyokunjwa inapita kati ya mtutu na kitako hadi kwenye bodi (chuma cha mitambo kinachoshika mtutu), umefurahi. Ukiegemeza bunduki kwenye miguu yake au ukiuvuta mkanda, ncha inapinda na kuugusa mtutu, tena kila risasi kwa nguvu tofauti. Afadhali hata vile vinundu, vilikuwa vinasukuma sawasawa.

Kabla ya kutoa hela: toa risasi zote, hakikisha chemba ni tupu, chukua toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza). Plastiki isiyo na bomba za alumini kwenye matundu ya skrubu ikazwe kama Nm 4.5 hadi 5. Watu wanasoma "65" (paundi-inchi, yaani Nm 7.3) wanakaza hivyo hivyo. Hiyo ni ya alumini! Kwenye plastiki tupu unaiponda, wiki ijayo skrubu imelegea, lawama anapewa mtengeneza risasi. Kisha weka kidole pale mtutu unapokutana na ncha ya kitako, legeza skrubu ya mbele polepole. Ukisikia mtutu unaruka, bodi ilikuwa inapindishwa, haijakaa sawa. Huo ndio ugonjwa, na kitako kipya kinaweza kuja nao vilevile.

Sasa hicho "kinachoingia chenyewe". Muuzaji hakuulizi kama bodi yako ni fupi (ya risasi za .308, .243) au ndefu (ya .30-06). Hakuulizi kama mtutu ni mwembamba au ni ule mnene wa Varmint, ambao kwenye mfereji wa kitako cha kawaida hauingii. Na mwenye toleo la ADL, lisilo na mlango wa magazini chini, anauziwa kitako cha BDL, toleo lenye mlango huo, bila kuambiwa anahitaji bati la chini, boksi la magazini na skrubu nyingine. Skrubu ya mbele ikizidi urefu inagusa meno ya komeo (kile chuma unachovuta na kusukuma kupakia risasi), ikabidi ulisukume kwa nguvu. Ukiona hivyo usilazimishe: legeza skrubu hiyo, na komeo likilainika umeshapata jibu. Ikate kidogo kidogo, piga tupa.

Halafu jina la kampuni si dawa. Hogue ile ya bomba tu na Hogue yenye uti wa alumini ni vitu viwili tofauti. Ya kwanza mbele ni laini kama hiyo plastiki mnayoikimbia. Muuzaji anakutajia Hogue, basi, anachukua hela.

Jibu #2
Mkuu umesema kweli ila umeacha dawa. Mwenye plastiki aifanye ngumu kwanza: kwangua kati ya zile mbavu kwa msasa namba 80, toboa vitundu vya mshazari ubavuni mwa mbavu, laza fito mbili za alumini, jaza epoksi (gundi ngumu ya kuchanganya). Bila vitundu epoksi inabanduka, kwa sababu plastiki hii haishiki gundi.
Kisha kalisha bodi ndani ya kitako kwa epoksi ya chuma, ili ikae sawa. Lile jino linalopokea teke la bunduki, zungushia teipu mbele, ubavuni na chini. NYUMA usiweke, ndiko linakoegemea. Ziba kila tundu kwa udongo wa kuchezea, paka kiwi ya viatu bodi nzima mara mbili na skrubu pia. Ukisahau kiwi umegundisha bunduki, hiyo huenda isitoke bila kuvunja kitako. Skrubu zishike tu, usikaze, acha saa 24.

Jibu #3
Na wakati bunduki iko nje ya kitako, angalieni kifyatuo. Zilizotengenezwa kati ya Mei 2006 na Aprili 2014 zenye kifyatuo cha X-Mark Pro, kampuni ilitangaza mwaka 2014 zirudishwe, kwa sababu zingine zingeweza kufyatuka bila kuguswa. Mtu anabishana kuhusu kitako na hilo hajalikagua.

Mwanzisha uzi
#2, kwa teipu tumia tabaka moja tu. Ukiweka tatu, jino linaweza kucheza na umerudi ulikotoka.