Klia (rangi angavu ya kumalizia) imefanya ukungu juu ya taa za nyuma za IST, naomba ushauri

Wakuu habari za jioni. Nina Toyota IST, taa za nyuma zilikuwa zimepauka kwa jua la hapa Dar. Nikaamua kuzitia tinti mwenyewe nyumbani. Nilizifungua, nikapiga msasa wa maji namba 800 kisha 1000, nikafuta kwa spiriti, nikapuliza tinti ya kopo mikono mitatu myepesi. Hadi hapo zilipendeza kweli.

Shida ikaja kwenye klia. Nilipuliza jioni, mvua imetoka kunyesha, na nadhani mkono wa kwanza niliumwaga mzito (haraka zangu). Asubuhi nakuta taa moja ina ukungu mweupe kama maziwa, nyingine klia imejikunja pembeni.

Je, nikisugua kwa 2000 na kupiga polishi itatosha, au nitoe yote hadi kwenye plastiki? Na je, klia ya kuchanganya na hadna (dawa ya kuigandisha) inakubali juu ya tinti ya kopo? Fundi rangi wa mtaani anasema nipake thina. Naogopa itakula plastiki.

Halafu usiku taa za breki zinaonekana hafifu. Trafiki wataniacha kweli?