Madoa ya kahawia na meno yaliyooza: wazazi wa Nakuru na Magharibi, tupeane uzoefu

Mwanzilishi, Nakuru: Hamjambo wenzangu. Wengi wetu tuliokulia Bonde la Ufa tuna meno yenye madoa ya kahawia, yatokanayo na wingi wa floraidi, aina ya madini, katika maji ya visima virefu, ambayo huliathiri jino likiwa bado linaumbika ndani ya ufizi. Madoa hayo si kuoza. Hata hivyo, wapo wanaomsugua mtoto hadi ufizi utoke damu wakidhani ni uchafu, na wapo, akiwemo shemeji yangu, walioacha kabisa dawa ya meno yenye floraidi kwa kuogopa madoa, ilhali ni floraidi hiyo hiyo, ikigusa uso wa jino kwa kiasi kidogo, inayolikinga lisitoboke. Nyumbani kwangu watoto hunywa maji ya mvua, au yaliyochujwa kwa mkaa wa mifupa, njia ambayo Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru imeieneza huku. Dawa ya meno tunaipima: kiasi cha punje ya mchele kwa aliye chini ya miaka 3, na cha njegere kwa wa miaka 3 hadi 6, kisha wanatema bila kusukutua. Nyinyi mnafanyaje?

Mama wa wawili, Kisumu: Kwetu shida ilikuwa chai. Kijana wangu alikuwa akiachiwa chupa ya chai tamu, akawa anaionja mchana kutwa. Daktari wa meno alinieleza kwamba bakteria walio katika utando wa jino hula sukari na kutoa asidi inayoyeyusha enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, na kwamba mate huhitaji nusu saa au zaidi kuituliza asidi hiyo, kwa hiyo kila funda jipya huanzisha shambulio upya. Sasa chai yake anainywa mezani, pamoja na chakula, na baada ya hapo ni maji matupu.

Mzazi, Njoro: Sisi tunatumia mswaki wa mti pamoja na dawa ya dukani. Usiku hakuna kula baada ya kupiga mswaki.

Baba, Kakamega: Huku ni miwa na sukari nguru. Lakini nataka kuwatahadharisha kuhusu gego linaloota karibu na miaka 6, nyuma kabisa ya meno ya utotoni, bila jino lolote kung'oka kwanza. Binti yetu lilipomtoboka, bibi yake alisema, "Liacheni, litang'oka lenyewe." Kumbe ni la kudumu, na hatimaye ilibidi ling'olewe.

Mwanzilishi, Nakuru: Pole, Baba. Magego yake mengine yalikingwa?

Baba, Kakamega: Naam, yalipakwa dawa ya kuziba vile vijifereji vya juu ambamo chakula hukwama. Hakukuwa na sindano wala kutoboa. Alichouliza binti ni kama jioni ataruhusiwa kula mahindi ya kuchoma.