Naomba ushauri: mgeni Mwanza, jioni niende wapi?

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni dada kutoka Kisumu, nina miezi minne hapa Mwanza kikazi, nimepanga Nyegezi. Ziwa ni lile lile nililokulia, lakini jioni upweke unanizidi.

Chakula sina shida nacho. Kuna mama lishe kule Kirumba, karibu na mwalo, ananikaangia samaki aina ya sato (kwetu ni ngege), ubavu kamchanja mara tatu, chumvi na limao vimeingia mpaka kwenye mfupa. Ugali wa muhogo ndio bado nauzoea. Ila nakula peke yangu, na nikikaa penye muziki wanaume wanavuta kiti kabla hata soda haijafunguliwa. Inachosha.

Kisiwa cha Saanane nimeshaenda mara mbili. Wikendi iliyopita nilipanda kivuko cha Kamanga, nikaenda na kurudi, ili mradi nisishinde ndani.

Wapi mwanamke anaweza kula jioni, akapunga upepo wa ziwa, bila kusumbuliwa? Bajeti yangu ni 20,000 pamoja na nauli. Na ngoma za Kisukuma natamani sana kujifunza; nikienda Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma, Jumapili, usafiri wa kurudi jioni ukoje?