Kung'oa injini ya petroli na kuweka dizeli kwenye gari la zamani: inalipa au ni sifa tu?

Kabureta
Wakuu, nichokoze. Gari la kazi la zamani, tuseme Toyota Land Cruiser 80 yenye 3F-E (injini ya petroli ya lita 4) au Hilux ya kabureta. Shasi nzima, bodi haina kutu, ila injini ya petroli imechoka na mafuta inayanywa kama ngamia. Ovahoo (kuifungua na kuijenga upya) ya petroli ileile, au dizeli ya mtumba? Nataka hoja zenye vipimo, si "dizeli ndiyo mwanaume".

Mzee wa Torki
Hili bado linaulizwa? Dizeli za zamani zinabana hewa 18 hadi 22 kwa 1, petroli ya kabureta ni 8 au 9 kwa 1. Lita ya dizeli ina nishati zaidi kwa asilimia kumi na kitu. Torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya kung'oa kisiki, haina plagi, koili wala distribyuta. Betri ikifa unasukuma tu, linawaka. Wanaobisha hawajawahi kuvuta trela.

Spana Malaya
Kisiki cha mchicha? 1HZ, dizeli ya Toyota ya lita 4.2 isiyo na tabo (feni ya kuisukumia injini hewa), inatoa torki ya Nm 285 hivi. Hiyo 3F-E unayotaka kuing'oa inatoa karibu 300, na 1FZ-FE, petroli nyingine ya 80, inapita 360. Nguvu za farasi ndiyo usiseme: 1HZ haifiki 140, 1FZ-FE inapita 200. Unachokisikia mguuni ni torki inayokuja mapema, kwenye raundi 2,000 hivi, basi. Ukitaka kuizidi petroli ya ujazo unaokaribiana unahitaji tabo, na hapo rejeta, klachi na eksozi vinaanza hesabu upya.

Mzee wa Torki
Mimi naongelea mzigo, wewe unaniletea katalogi. Gari halivuti kwa karatasi, bwana mdogo.

Nati 14
Acheni torki, swali ni kama inalipa. Pigeni hesabu kwa lita, bei za mafuta hupanda na kushuka. Chukulia petroli inakula lita 20 kwa kilomita 100 na dizeli 13, bei za pampuni zikikaribiana. Unaokoa 7. Jumlisha injini, giaboksi, mauntingi, rejeta, eksozi, wayaringi, pampu ya vakamu na kubadilisha kadi ya gari, kisha gawa kwa bei ya lita. Ikitoka sawa na lita 3,500, unarudisha pesa baada ya kilomita 50,000. Anayetembea kilomita 3,000 kwa mwezi anamaliza kabla ya miezi 17. Anayetembea 500 anangoja miaka minane, na nozeli zitakuwa zimeomba huduma kabla ya hapo.

Dada Gasketi
Nati, umesahau kutoa. Injini ya petroli imechoka, kwa hiyo ovahoo yake italipwa kwa vyovyote. Kinachopaswa kurudi ni tofauti ya gharama mbili, si gharama nzima ya dizeli. Ovahoo ikiwa sawa na lita 1,500, zinabaki 2,000, yaani kilomita 28,600 hivi.

Nati 14
Kweli, hiyo nimekubali. Ila injini ya mtumba nayo si mpya, dada. Kabla ya kuilipia pima mgandamizo silinda zote. Tofauti ya silinda na silinda ni muhimu kuliko namba yenyewe. Fungua kifuniko cha oili inapounguruma: moshi ukitoka kama birika, pete za pistoni zimekwisha.

Hita Plagi
Nirudi nyuma kidogo. Mzee kasema "haina plagi" na "betri ikifa unasukuma tu". Ndivyo watu wanavyoharibiwa injini. Dizeli yenye chumba cha awali, kama 1HZ, 2L au 3L za Toyota, inapoteza joto kwenye kuta za chumba hicho, ndiyo maana ina hita plagi, vijiti vya umeme vya kukipasha joto kabla ya kuwasha. Na pampu ya dizeli ya kuzunguka (rotari) ina selenoidi, vali ya umeme ya kukata mafuta, inayotaka volti 12 ili ifunguke. Betri ikifa kabisa, sukuma mpaka viatu viishe. Gia ya otomatiki ndiyo kabisa, hata usijaribu.

Mzee wa Torki
Selenoidi inakula ampea ngapi? Moja, labda. Betri iliyoshindwa kuzungusha stata bado ina umeme wa kuifungua. Sukuma, linawaka.

Hita Plagi
Hiyo ni betri iliyochoka. Wewe uliandika "ikifa".

Spana Malaya
Sasa tunabishania kitenzi.

Hita Plagi
Tunabishania kitu kinachovunja hedi, kile kifuniko cha juu cha silinda. Soma volti zilizochapwa kwenye hita plagi kabla ya kuunga waya wowote. Zipo za volti 6 za mfumo wa Toyota wenye rilei (swichi za kubeba umeme mkubwa) mbili: kwanza zinapewa umeme wote zipate joto haraka, halafu mfumo unaushusha. Fundi akirahisisha, akaweka swichi ya kubonyeza na volti 12 moja kwa moja, ncha inavimba. Ukija kuifungua haitoki, au inakatika na kipande kinaangukia ndani ya silinda. Ukiweka swichi ya kubonyeza, weka plagi za volti 11 au 12, na rilei nzito, usipitishe mkondo kwenye swichi yenyewe. Plagi sita zinavuta ampea 60 na zaidi, kwa hiyo waya mnene, milimita za mraba 10 hadi 16, na fyuzi karibu na betri. Kupima: toa ule ukanda unaoziunganisha, weka mita ya omu kati ya kichwa na mwili. Nzima inasoma chini ya omu 2. Isiposoma kitu, imekufa.

Kabureta
Kwa hiyo bora injini isiyotegemea hita, kama 4JB1 ya Isuzu?

Nati 14
4JB1 inapuliza mafuta moja kwa moja juu ya pistoni, haisumbui kuwaka, na taiming yake ni ya gia, hakuna belti. Ni lita 2.8, kwa Hilux inatosha, kwa 80 iliyopakia utalia mlimani. 1HZ ina belti, ibadilishe siku ileile injini ikiwa bado chini. 2L-T na 1KZ-TE, dizeli za Toyota zenye tabo, zinajulikana kwa kupasuka hedi zikichemsha.

Spana Malaya
Na 80 ilitoka kiwandani na 1HZ pia, kwa hiyo mauntingi na kengele ya giaboksi (ganda lake linalofungwa kwenye injini) unazipata za kiwanda. Ukianza kuchonga bamba la kuunganisha injini ya kabila jingine, weka dayo geji, kipimo cha sindano: kitovu cha kengele kisiachane na cha krenki zaidi ya 0.13 mm. Zaidi ya hapo beringi ya mbele ya giaboksi itakuimbia. Sampu, bakuli la oili, nayo itazame, ya mbele au ya nyuma, isije ikakaa juu ya eksoli.

Dada Gasketi
Mmepiga kelele zote hizi na hakuna aliyetaja breki. Dizeli ya aina hii haina kibanio cha hewa, kwa hiyo haina vakamu (mvuto wa hewa) ya kuvuta bustaa inayousaidia mguu kwenye breki. Ukitumia alterneta ya petroli, breki inakuwa jiwe. Tafuta alterneta yenye pampu ya vakamu nyuma yake, ipate oili ya injini, na paipu ya kurudisha iteremke hadi sampu bila kupinda. Ikiziba, oili inafurika na kuvujia kwenye alterneta. Tangi lioshwe kabisa, pampu inalainishwa na dizeli yenyewe na petroli inaikausha.

Mzee wa Torki
Hayo ni ya fundi. Mteja anataka gari linalovuta.

Spana Malaya
Basi mpe na difu, gia za eksoli. Tairi za 235/75R15 zina mzingo wa mita 2.3 hivi. Gia ya moja kwa moja (1 kwa 1), kilomita 100 kwa saa: difu ya uwiano wa 4.88 inakupa raundi 3,500, ya 4.11 chini kidogo ya 3,000. Kwa petroli 3,500 ni matembezi. Dizeli ya zamani inayoishia 4,000 hivi inakuwa inapiga mayowe safari nzima, na zile lita 7 za Nati hutaziona.

Kabureta
Nimeelewa: 80 inapokea 1HZ, Hilux inapokea 4JB1. Hita plagi za 1HZ ni volti ngapi?

Hita Plagi
Soma kwenye plagi. Mfumo hutofautiana, ndiyo maana nimeandika aya nzima.

Mzee wa Torki
Bado hujanijibu la kusukuma.

Hita Plagi
Haya. OM617, dizeli ya Mercedes, inazimwa kwa vakamu, haina selenoidi ya umeme. Yenye gia za mkono, ikiwa ina joto, betri ikifa kabisa unasukuma na linawaka.

Mzee wa Torki
Kwa hiyo nilikuwa sahihi.

Hita Plagi
Kwa injini ya Mercedes, kwenye mada ya Land Cruiser. Hongera.