Fundi kaangalia bega langu badala ya breki, eti gari linavuta kushoto kwa sababu ya mkono wangu

Wakuu, nimetoka gereji sasa hivi na hasira haijashuka hata kidogo.

Simtaji. Mnamjua. Yule ambaye gari likiingia tu, jibu limeshatoka kabla injini haijazimwa. Huyo huyo.

Gari langu likiwa kwenye mwendo linakwenda limenyooka. Nikikanyaga breki linakimbilia kushoto kama mbuzi aliyeona shamba la mahindi. Nikamweleza kwa heshima zote, fundi wangu, tatizo ni hivi na hivi. Hakuinama. Hakushika hata tairi. Kanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, mbele ya vijana wake wote, akasema: "Bosi, mkono wako wa kulia una nguvu kuliko wa kushoto."

Mkono wangu!

Vijana wakacheka mpaka mmoja akaangusha spana. Nikamwambia basi endesha wewe tuone. Akajibu hana haja, keshaona. Kaona nini? Kama anaona pistoni iliyokwama ndani ya kalipa, ile inayobana padi za breki, kwa kutazama bega la mtu, hospitali zimwajiri leo, mashine za eksirei zikauzwe chuma chakavu.

Halafu akanipiga alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu. Gari halivuti mpaka ukanyage breki, alaimenti inaingilia wapi? Ingekuwa alaimenti lingevuta muda wote. Upepo wa tairi nimepima mwenyewe, kulia na kushoto sawa. Nikalipa, nikatoka, breki ya kwanza: kushoto. Narudi kumwambia, anasema, "Si nilikwambia? Mkono."

Mtu mzima, na familia yangu, naambiwa mkono.

#2 Pole mkuu. Huyo huyo aliniambia mlio wa beringi uko masikioni mwangu. Yule si fundi, ni mganga.

#3 Tuma picha ya mikono yote miwili kwanza tulinganishe.

#4 Mleta uzi, achana na wachekeshaji. Gari huvutwa na upande unaoshika zaidi. Likienda kushoto kila mtu anakimbilia kufungua gurudumu la kushoto, kumbe mara nyingi hilo ndilo linalofanya kazi na la kulia limelala. Endesha, funga breki mara kadhaa, simama, sogeza kiganja karibu na rimu za mbele bila kugusa maana zinaunguza. La kulia likiwa baridi kuliko mwenzake, angalia pini za kalipa zilizokauka grisi, pistoni iliyoshika kutu, au padi zilizolowa mafuta. La kushoto likichemka hata ukiendesha bila kufunga breki, hilo limekwama, haliachii.

Na msiisahau hosi ya breki. Kwa nje nzima kabisa, ndani mpira umevimba: mafuta yanapita kwa shida, na kurudi hayarudi. Piga jeki, weka stendi, mtu akanyage breki aachie, uzungushe gurudumu. Likigoma, legeza nipeli ya kutolea upepo kidogo tu. Likilegea hapo hapo, hosi ilikuwa imenasa presha. Likiendelea kugoma, rudi kwenye kalipa na pini zake.

#5 Na bushi, zile raba za maungio, hamzitaji? Langu lilibadilishwa kalipa, hosi, padi na disk, bado linavuta. Kumbe bushi ya mkono wa chini, kile chuma kinachoshika gurudumu, imekatika. Ukifunga breki gurudumu linasukumwa nyuma na usukani unajigeuza wenyewe.

#6 Kwa hiyo fundi alisema kweli, ni mkono! Ila wa gari.

Mleta uzi: #6, usimtetee! Alininyooshea kidole BEGANI. Chini ya gari hajaingia hata kwa macho. #4 Mungu akubariki, umeniambia kwa aya mbili kitu ambacho yule ameshindwa na gereji nzima. Ila mkono wakuu, mbele ya vijana wale!

#8 Bora wewe ulinyooshewa kidole begani. Wangu kabadilisha padi za upande mmoja tu, eti za upande wa pili bado zinadai. Padi zinabadilishwa jozi, kulia na kushoto! Nilipotoka pale gari likaanza kuvuta ambalo halikuwa linavuta.

#9 Wangu kanirudishia gari na bolti zimebaki kwenye kopo. Nauliza za wapi, ananiambia kiwandani huwa wanaweka za ziada.

#10 😂😂 #9 na bado unaliendesha?

#9 Napeleka wapi sasa? Kwa yule wa mkono?

#11 Mafundi nimewasamehe. Waosha magari ndio sijawasamehe. Unaacha gari dakika chache, unakuta kiti kimesogezwa mpaka magoti yanagusa usukani na redio imefunguliwa hadi mwisho.

#12 Na vioo vya pembeni! Nani anawatuma wavigeuze?

#13 Wangu alinimalizia mafuta akisikiliza mpira.

Mleta uzi: Wakuu, turudi kwenye mkono.

#15 Mkuu subiri kidogo, #13 malizia kwanza. Mafuta yote?